Mgeni wa Miaka 19 Kapewa Darasa, Mwalimu Wetu Yuko Nyumbani

Mada ya leo najua itawakera baadhi ya watu, hasa wenye hosteli na wenye vituo, lakini acha tu niiseme. Ni kuhusu hawa wanafunzi wa nje wanaokuja kujitolea kwetu.

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, ukipita Moshi maeneo ya Rau, Soweto au Shanty Town, au Arusha kule Njiro na Usa River, utawaona tu. Begi mgongoni, suruali ya mifuko kumi, nywele zimeshasukwa rasta siku ya pili tangu watue. Wengi wana miaka 18 mpaka 22. Wako chuo mwaka wa kwanza, au ndio kwanza wamemaliza sekondari kwao. Wana wiki mbili, tatu, wakizidi sana nne. Wanafundisha, wanabeba watoto kwenye vituo vya yatima, wanapaka rangi madarasa, wengine mpaka wodini wanaingia. Wikiendi ya mwisho ni Ngorongoro, halafu Zanzibar, halafu kwaheri.

Sasa nisieleweke vibaya. Sina chuki nao. Wengi wao ni watoto wazuri tu, wamelelewa, na nauli hawakuokota. Wameuza keki, wameosha magari, wamechangisha kwa mashangazi na wajomba. Wamechomwa chanjo, wamebeba dawa za malaria, chandarua, taa ya kichwani, dawa ya kupaka mbu wasisogee. Yaani wamejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kazi yenyewe. Kiswahili wanachokuja nacho ni "hakuna matata" ya kwenye filamu ya simba, wakati huku mtaani watu wanasema "hamna shida". Anapita bibi wa watu wa miaka sabini, kijana anampungia mkono, "Mambo!" Bibi anabaki mdomo wazi.

Halafu njoo kwenye picha. Kuna dada mmoja, simtaji na wala hanijui, kaweka Insta picha amempakata mtoto wa kama miaka mitatu, kamasi zinamtoka. Chini kaandika kwamba watoto hawa hawana kitu lakini wana furaha kuliko sisi. Likes kama zote. Jamani! Mtoto yule ana jina, na jina lenyewe halijaandikwa popote. Hivi angempiga picha mtoto wa jirani yake huko kwao, kamasi hivyo hivyo, akaitupia mtandaoni bila kumuuliza mama yake, asingepelekwa polisi?

Na msidhani ni sisi tu tunaoliona hili. Mwaka 2012 shirika la wanafunzi na wanataaluma wa Norway, SAIH, lilitoa video ya kuchekesha ambamo Waafrika wanachangisha mashine za kupasha joto nyumba ili kuwasaidia Wanorway "masikini" wanaokufa kwa baridi. Watu walicheka mpaka machozi, lakini ujumbe ulifika. Wazungu wenyewe wameshaanza kujicheka. Sisi ndio bado tunapiga makofi.

Maana tuseme ukweli, mwenye kosa hapa si yule binti wa miaka 19. Yeye kaambiwa "njoo", kaja. Aliyemfungulia mlango wa darasa ni nani? Si sisi?

Hebu muulize mwanafunzi wa ualimu wa hapa Bongo anapokwenda mafunzo kwa vitendo. Anakuja na barua ya chuo. Anaripoti kwa mkuu wa shule. Anaandaa azimio la kazi, anaandika andalio la somo, na siku ya siku mkufunzi anakuja kukaa nyuma ya darasa na kalamu yake, anahesabu kila kosa. Huyo kasomea kazi hiyo. Sasa mgeni anatua KIA Jumamosi, Jumatatu asubuhi ana chaki mkononi, mbele ya darasa la tatu lenye watoto sabini. Nyumbani kwao anasoma biashara. Hakuna aliyemuuliza andalio la somo. Kisa? Ngozi, na ile bahasha ya mchango.

Na mtaa huo huo kuna kijana mwenye shahada ya ualimu, kamaliza chuo miaka kadhaa iliyopita, anaomba ajira kila zinapotangazwa, hapati. Yupo anaendesha bodaboda. Mwingine anajitolea kweli kwenye shule ya kata, bila mshahara, wazazi wakimchangia hela ya sabuni. Huyo hakuna anayempiga picha. Halafu ndiye atakayempakia mgeni wetu kwenye pikipiki kumpeleka shuleni akafundishe.

Geuza kibao sasa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Mwanza, anasoma uhasibu, aende London akafundishe watoto wa shule ya msingi kwa wiki tatu, kwa vile anawapenda tu. Viza yenyewe haoni. Na akifika, hao wazazi watamwachia watoto?

Kwenye vituo vya yatima ndiyo kabisa. Mtoto wa miaka mitatu anamzoea "anti" wa wiki tatu, analala mapajani kwake, anamlilia. Anti anapanda ndege. Anakuja anti mwingine, tunaanza upya. Kwa mwaka mmoja mtoto kaachwa mara ngapi? Na wataalamu wa watoto wameshasema sana kwamba watoto wengi wanaolelewa kwenye vituo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kilichowapeleka pale ni umasikini. Sasa kituo kinachoishi kwa hela ya wageni kitakuwa na haraka gani ya kumrudisha mtoto kwa bibi yake, wakati bila watoto wageni hawaji? Australia walichunguza mambo ya utumwa mamboleo mwaka 2017, na biashara hii ya vituo na watu wa kujitolea ikawa mojawapo ya mambo yaliyojadiliwa bungeni kwao. Huku kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, maafisa ustawi wa jamii wapo. Tuwaulize: kituo hiki kina kibali? Na huyu mgeni anayeogesha watoto, nani kamchunguza?

Najua mtaniambia kujitolea hakukuanza leo. Kweli kabisa. Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana wa Peace Corps kutoka Marekani. Lakini hao wa mwanzo waliokuja kwetu walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, walikuja kwa ajili ya barabara. Mpaka leo mtu wa Peace Corps anakaa kama miezi 27, na miezi ya mwanzo anafundishwa lugha na maisha ya watu. Linganisha na wiki tatu ambazo moja kaumwa tumbo.

Mtaniambia tena: hela je? Hapo nawaelewa. Kuna mama anawapikia na kulisha wanawe kwa hela hiyo. Kuna madereva, wapagazi wa mlimani, wauza vinyago. Sisemi wasije. Waje! Waje kama watalii, wapande Kilimanjaro, wale ndizi nyama, walipe, wafurahi, tuagane vizuri. Ila anayetaka kuitwa "wa kujitolea" awe na masharti kama tunavyowawekea wa kwetu.

Kwanza, aje na kibali. Viza ya utalii siyo ya kazi, hata kama kazi hailipwi. Uhamiaji wana kibali cha daraja C kwa ajili hiyo. Pili, ajifunze lugha kabla hajaja, angalau shikamoo, marahaba, pole, samahani. Tatu, awe msaidizi wa mwalimu, asichukue nafasi yake, na sehemu ya ada anayolipa kule kwao imlipe yule kijana wetu mwenye shahada. Nne, sura ya mtoto haipigwi picha bila mzazi kukubali. Tano, kubeba watoto wadogo wa vituo kwa wiki tatu, hapana.

Na inawezekana. Kuna binti mmoja wa Kiholanzi, mwalimu rafiki yangu huko Kilimanjaro ndiye aliyenisimulia. Kapewa darasa, akakataa. Akasema, "Mimi si mwalimu, naomba nikae nyuma." Mwezi mzima alikuwa anakata maboksi na kuchora zana za kufundishia hesabu, mwalimu akimwelekeza. Akaondoka bila selfi hata moja na watoto. Zile zana mwalimu bado anazitumia.

Kwa hiyo wadau, nawasikiliza. Wewe mwenye mtoto darasa la pili, ungekubali afundishwe hesabu na mpita njia? Wewe mwalimu unayesubiri ajira, unasemaje? Na wewe mwenye kituo, njoo utetee upande wako, hakuna atakayekuzuia. Matusi tu ndiyo sitaki.