Yusufu Alikuwa na Miaka 30

Leo nasema na wewe uliyepata kazi juzi. Mwalimu uliyepokea barua yako ya TSC, muuguzi, karani wa duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Eldoret, kijana wa bodaboda. Una miaka 23, 25, 28, na neno "kustaafu" kwako ni habari ya babu. Vumilia usome.

Fungua Mwanzo 41. Tunapenda kumhubiri Yusufu aliyetoka gerezani akaingia ikulu, na kanisa hupiga makofi. Kazi aliyoifanya akishafika huko tunairuka. Alikuwa na miaka 30. Akatenga sehemu moja kwa tano ya mavuno, miaka saba mfululizo, wakati hakuna mtu aliyekuwa na njaa. Mungu alikuwa amemwonyesha yanayokuja, na bado hakukaa akisema Bwana atatoa. Alijaza maghala. Sisi wa Uasin Gishu tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Mahindi ya Novemba ndiyo ugali wa Juni. Hakuna mkulima anayeuza hadi gunia la mwisho kisha akaiita hiyo imani.

Lakini kwa mshahara tunafanya hivyo hivyo. Ukiuliza, unaambiwa, "Mchungaji, watoto wangu ndio pensheni yangu." Jiulize basi, wewe sasa hivi unatuma nyumbani pesa ngapi kila mwezi? Unatuma kwa moyo, na ni haki yao. Yesu katika Marko 7 aliwakemea vikali watu waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutowatunza wazazi. Endelea kutuma. Ila unajua jinsi tarehe 5 inavyofika na umeishiwa, karo ya mdogo wako bado, dawa za mama bado. Je, unataka mtoto wako, ambaye hata hajazaliwa, aanze kazi akiwa tayari na mzigo huo?

Sasa hesabu kidogo. Tuseme unaweka shilingi 2,000 kila mwezi kuanzia miaka 25 hadi 60, na pesa hiyo inapata asilimia 8 kwa mwaka. Hiyo asilimia ni mfano wangu, si ahadi ya mtu yeyote. Utakuwa umetoa 840,000 mfukoni mwako, na utakuta karibu milioni 4.6. Mwenzako akianza na 2,000 hiyo hiyo akiwa na miaka 40, atakuta kama milioni 1.2. Ili akufikie, itabidi aweke karibu 7,800 kila mwezi, katika miaka ambayo watoto wako sekondari na chuo. Bei ya vitu nayo itakuwa imepanda, kwa hiyo usione milioni hizo ukadhani ni utajiri.

Wengi mnalalamika NSSF imekata sana. Nawaelewa, makato yamekuwa mengi. Lakini kumbuka tulikotoka. Hadi Februari 2023, wafanyakazi wengi walikatwa shilingi 200 tu na mwajiri akaongeza 200. Piga hesabu ya 400 kila mwezi kwa miaka 20: ni 96,000, bila riba. Kuna mzee uliyemwona akirudi kijijini na hicho. Sheria ya 2013, iliyoanza kutumika 2023, inakata asilimia 6 ya mshahara hadi kiwango fulani, na mwajiri anaweka sawa na hiyo. Ukilipwa 30,000, wewe unatoa 1,800, yeye 1,800. Hiyo ya mwajiri ni mshahara wako pia, usiisahau. Na hakikisha inafika. Ingia kwenye akaunti yako ya NSSF uone kama mwezi uliopita umeandikwa. Mwalimu, wewe una mfuko wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021: unatoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inaweka 15. Wa bodaboda na mama mboga, kuna Haba Haba ya NSSF, shilingi 25 kwa siku. Hiyo haifiki nusu ya bei ya soda na mandazi.

Utaniambia, mimi nitanunua ploti. Nunua. Lakini ploti haikatwi kipande ikanunua dawa ya presha, na ile ya haraka ndiyo huuzwa kwa hasara.

Tena, ukibadilisha kazi, sheria inakuruhusu kuchukua sehemu ya pensheni kabla ya wakati. Hapo ndipo vijana wengi huangukia. Pesa inatoka, inakuwa pikipiki, inakuwa sherehe ya mahari, na ukiwa na miaka 35 unaanza tena sifuri. Mwombe mwajiri mpya akupe utaratibu wa kuihamisha yote.

Na akitokea mhubiri anayekuambia upande hiyo pensheni kama mbegu ili Mungu akufungulie milango, muulize kama yeye ndiye atakayekulisha ukiwa na miaka 70. Toa fungu la kumi kwa mapato yako kwa furaha. Pesa ya uzee wako iache ghalani.

Wazee wa kanisa mnaosoma hapa, nimalizie na ninyi. Yule mlinzi wa usiku, yule mama anayefagia madhabahu kila Jumamosi, na huyo mchungaji kijana mliyemtuma kufungua tawi: mnawalipa kila mwezi? Basi ninyi ni waajiri. Jumatatu mmoja wenu aende ofisi ya NSSF na nakala za vitambulisho vyao.