Mwachieni mwalimu kipanya

Samahani kwa kimya, mazoezi ya kufundisha yalinibana kweli huko upande wa Msimbati.

Basi bwana, shule niliyopangiwa ilikuwa na projekta moja, bado iko kwenye boksi. Mwalimu wa jiografia, mtu mzima wa shikamoo, akaniita pembeni: "Mwanangu, hebu niunganishie hili dude." Nikaunganisha, nikawasha, dakika tatu kazi imekwisha. Nikajiona fundi! Wiki ya pili akaniita tena, vilevile. Na ya tatu.

Hapo ndipo nikashtuka. Sikumfundisha kitu, nilimfanyia tu. Nikiondoka, projekta inarudi kwenye boksi.

Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ilitoka mwaka 2007, na mafunzo ya walimu yamo ndani. Lakini jamani, karatasi haiwashi mashine. Sisi wanafunzi tusaidie, ila kwa adabu: mkono wa mwalimu ndio ukae kwenye kipanya, wa kwako uweke mfukoni. Akikosea usicheke, hasa mbele ya darasa. Akikupa neno lake la siri umjazie alama, kataa kwa heshima, kaa naye ajaze mwenyewe.

Wiki ya nne nilikaa nyuma ya darasa, kimya. Alihangaika dakika ishirini, jasho linamtoka, mara Mto Ruvuma unaoingia baharini ukatokea ukutani, kichwa chini miguu juu. Darasa zima makofi. Wiki ya tano hakuniita.

Mnaonaje wadau? Nawasilisha.