JINA BILA TOLEO HALITOSHI



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya tarakimu chache ziandikwazo mwishoni mwa jina la kifurushi cha programu. Wengi wetu katika Chama cha Kompyuta twazidharau, na wa kwanza kuzidharau nilikuwa mimi.

Kwa wasiojua, mtu atungapo programu haandiki kila kitu mwenyewe. Kazi kama kupanga majedwali au kusoma tarehe zimekwisha andikwa na wengine na kuwekwa katika vifurushi, naye huviomba kwa majina. Kompaila, yaani programu igeuzayo maandishi yetu kuwa maagizo ya mashine, ndiyo ivitafutayo.

Tutazame DHIS2, mfumo ambao Wizara ya Afya ya nchi yetu hutumia kukusanya taarifa za vituo vya afya. Utengenezaji wake husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na sehemu yake ya seva imeandikwa kwa lugha ya Java. Majina ya vifurushi vyake huanza na org.hisp.dhis. Hiyo ni desturi ya Java: anwani ya intaneti hugeuzwa, mwisho ukawa mwanzo, ili watu wawili wasitumie jina moja. Ni kama shuleni petu: kina Juma ni wengi, lakini ukitaja kidato, mkondo na jina la baba, Juma ni mmoja tu.

Lakini hapa ndipo penye hatari. Kompaila ya Java hutazama jina peke yake. Huambiwa mahali pa kutafutia, ikapita kwa zamu, ikachukua kifurushi cha kwanza chenye jina lile. Haiulizi ni toleo gani. Hapa Kizota tuna maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na kila mtu ajua kwamba mtunza ghala hatosheki kuambiwa "mahindi". Hutaka kujua ni ya msimu gani. Kompaila ni mtunza ghala atosheka na neno "mahindi".

Basi toleo hujulikana na nani? Na sisi wenyewe, tukiliandika. Chombo kama Maven husoma orodha yenye jina na toleo la kila kifurushi, hukileta kilekile, kisha huikabidhi kompaila. Tarakimu nazo zina maana. Kwa desturi ya wengi huwa tatu: ya kwanza hubadilika mambo ya zamani yakivunjwa, ya pili kipya kikiongezwa, ya tatu kosa likirekebishwa. Tena si desimali. DHIS2 ya 2.9 ilitangulia ya 2.10 na ya 2.40, ingawa katika hesabu 2.9 ndiyo kubwa kuliko zote.

Sasa nieleze kilichonifunza. Muhula uliopita tulitunga kwa Java programu ya kuandikisha vitabu vya maktaba. Kifurushi cha majedwali nilikileta kwa flashi. Nikaona jina la faili ni refu, nikafuta tarakimu zake. Kompyuta ya maktaba ilikuwa na faili la jina lile lile, nalo lilikuwa la toleo la zamani. Kompaila katika chumba chetu haikulalamika hata kidogo. Juma la kufunga shule, jioni ya kurudisha vitabu, programu ilifika mahali pa kuhifadhi, ikasema agizo fulani halipo, ikazima. Majina yote ya jioni ile yakapotea. Kesho yake kijana wa Kidato cha Kwanza, mwenyeji wa Mpwapwa, akaambiwa alipe kitabu alichokuwa amenikabidhi mkononi. Alikuwa na nauli tu. Nilikwenda kwa mwalimu nikasema kosa ni langu. Kitabu kikatafutwa rafuni, kikaonekana. Kijana alisafiri na wenzake, lakini machozi yake sijayasahau.

Wako wenzangu wasemao, "Dawa ni kuchukua toleo jipya kila mara." Mimi sikubali. Toleo jipya ndilo lililotuangusha, kwa kuwa upande wa pili ulibaki na la zamani. Tena mwezi wa Desemba 2021 ilitangazwa hatari kubwa katika Log4j, kifurushi cha Java kilichotumika duniani kote. Likatoka toleo la 2.15, kisha 2.16, kisha 2.17, mwezi ule ule, kwa sababu rekebisho la kwanza halikutosha. Aliyesema "nina jipya" hakuwa amesema kitu. Aliyekuwa na orodha alijua mara moja kama yumo hatarini. Asiyekuwa nayo alianza kupekua mashine moja moja.

Wengine husema kwamba intaneti yetu hukatika, kwa hiyo Maven haitufai. Ni kweli hukatika. Lakini kalamu na daftari havikatiki.

Kwa hiyo natoa shauri kwa Chama chetu. Kwanza, mtu asifute tarakimu katika jina la faili. Pili, kazi yoyote isipokelewe bila orodha ya vifurushi na matoleo yake, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono. Tatu, tukibadili toleo tubadili moja kwa wakati, na tulijaribu kwenye kompyuta ileile itakayotumika.

Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka mwaka huu, na programu zetu watabaki nazo wadogo zetu. Hatutakuwapo kuwaambia tulitumia toleo gani. Wahenga walisema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Mwiba wangu ulikuwa tarakimu tatu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV