Dharura Ikifutwa, Deni Linabaki kwa Nani?

Kiswahili kililichukua neno dharura kutoka Kiarabu, na pamoja na neno hilo kikachukua sehemu ya elimu ya mafakihi. Wao walikubaliana tangu zamani kwamba dharura huruhusu lililokatazwa, lakini kwa kadiri ya haja tu. Haja ikiondoka, ruhusa nayo huondoka. Mgonjwa aliyefungua saumu ya Ramadhani hana ruhusa ya kuendelea kula mchana baada ya kupona. Hata hivyo, mafakihi hawakuishia hapo. Siku alizokula ni deni, na hukumu ya deni hilo imewekwa wazi kabla mgonjwa hajaugua: mwenye kupata afya atazilipa kwa kufunga, na yule asiyetarajiwa kupona amewekewa fidia ya kumlisha maskini. Hakuna anayeingia katika ruhusa hiyo bila kujua atatokaje.

Tumeyataja haya kwa sababu ya jambo lililotokea mbali nasi, katika Jiji la Los Angeles, jimbo la California nchini Marekani. Tarehe 1 Februari 2023 jiji hilo liliifuta hali ya dharura ya UVIKO-19 iliyokuwa imetangazwa na Meya Eric Garcetti tarehe 4 Machi 2020. Ilikuwa imedumu karibu miaka mitatu. Kwa wengi kufutwa kwake kulikuwa habari ndogo, kwani barakoa zilikuwa zimekwisha kuvuliwa, shule zimefunguliwa na viwanja vya michezo vimejaa watu. Lakini kwa mpangaji aliyekuwa akidaiwa kodi, tarehe ile ilikuwa na uzito mkubwa kuliko tangazo lenyewe.

Kwanza tuitendee haki serikali ya jiji. Ile haikuwa dharura ya kubuni. Wakazi wa Los Angeles hawataisahau Januari ya mwaka 2021. Katika siku za mwanzo za mwezi ule, wahudumu wa magari ya wagonjwa katika kaunti nzima waliagizwa kutompeleka hospitali mtu ambaye moyo wake umesimama na wameshindwa kuushtua palepale alipo, kwa kuwa vitanda havikuwapo. Waliagizwa pia kubana matumizi ya oksijeni. Baadaye mwezi huohuo mamlaka inayosimamia usafi wa hewa iliondoa kwa muda kikomo cha idadi ya maiti zinazoruhusiwa kuchomwa, kwa sababu maiti zilikuwa zimerundikana. Uwanja wa Dodger, unaojulikana kwa mchezo wa besiboli, uligeuzwa kituo cha kupimia watu na kisha cha kuwachanja. Waliofariki kwa ugonjwa huu katika Kaunti ya Los Angeles, ambayo jiji ni sehemu yake, walipindukia 30,000.

Katika hali kama ile, sheria za California humpa meya nguvu ambazo siku za kawaida hana. Anaweza kutoa amri yenye nguvu ya sheria bila kungoja mjadala wa Baraza la Jiji. Ndivyo Garcetti alivyofanya tarehe 19 Machi 2020 alipowaamuru watu wakae majumbani, na ndivyo ilivyokuwa pia mwezi huohuo ilipotolewa amri kwamba mpangaji aliyeshindwa kulipa kodi kwa sababu ya janga asitolewe ndani ya nyumba. Ukimwambia mtu akae nyumbani ili asife na asiue wengine, huwezi wakati huohuo kumruhusu mwingine amtoe katika nyumba hiyo. Hoja ile ilikuwa sahihi na sisi tunaiunga mkono hadi leo.

Tunaunga mkono vilevile kufutwa kwake. Nguvu za dharura ni kama dawa kali: zikizoeleka huharibu mwili. Sheria ya jimbo lile inataka dharura iliyotangazwa na jiji ipitiwe upya angalau kila siku 60, ili ionekane kama bado inahitajika. Na kila mara Baraza la Los Angeles lilipoirefusha, sababu za kufanya hivyo zilipungua nguvu. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022 mtu mwadilifu asingeweza kusema kwamba mji wenye chanjo tele, migahawa iliyojaa na viwanja vya ndege vyenye foleni ulikuwa bado katika hali ile ya Januari 2021. Jimbo lenyewe la California lilifuta dharura yake tarehe 28 Februari 2023. Shirika la Afya Duniani likafuata tarehe 5 Mei, na serikali ya Marekani tarehe 11 Mei mwaka huohuo.

Basi ugomvi wetu uko wapi? Uko katika deni.

Ndugu msomaji, ni muhimu kuelewa kile ambacho amri ile ilifanya na kile ambacho haikufanya. Haikumsamehe mpangaji hata senti moja. Ilisema tu kwamba asitolewe kwa sasa. Kodi iliendelea kuhesabiwa mwezi baada ya mwezi, na sheria ya jiji ya mwaka 2020 ikampa mpangaji muda wa miezi 12 ya kulipa malimbikizo yote, kuanzia siku ambayo dharura itafutwa. Sheria za jimbo zikaingia kati na kulikata deni hilo vipande viwili. Kodi ya tangu Machi 2020 hadi Septemba 2021 ilitakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 1 Agosti 2023. Kodi ya tangu Oktoba 2021 hadi Januari 2023 ilitakiwa iwe imelipwa ifikapo tarehe 1 Februari 2024.

Hebu tufanye hesabu. Mwaka 2023 kipimo rasmi cha kodi ya soko kwa nyumba ya chumba kimoja cha kulala mjini Los Angeles kilikuwa dola 1,747 kwa mwezi. Mhudumu wa hoteli aliyepoteza kazi na kukosa kodi ya miezi kumi kwa kiwango hicho anadaiwa zaidi ya dola 17,000. Pesa hizo atazitoa wapi, ilhali kodi ya mwezi mpya nayo inamngoja? Mtu aliyeshindwa kulipa mwezi mmoja kwa wakati wake hawezi kutarajiwa kulipa miezi miwili kwa mpigo, kila mwezi, kwa mwaka mzima. Aliyeandika sharti lile alikuwa ama hajui hesabu, ama anatumaini kwamba mwingine atalipa.

Na siku mpangaji akishindwa, mambo huenda haraka. Sheria ya California inamtaka mwenye nyumba ampe mpangaji ilani ya siku tatu: lipa au ondoka. Siku tatu hizo hazihesabu mwisho wa juma wala sikukuu za mahakama. Baada ya hapo ni kesi, na wakati ule mpangaji aliyeshitakiwa alikuwa na siku tano za kazi kuwasilisha majibu yake mahakamani. Asipojibu, hukumu hutolewa naye hayupo. Miaka mitatu ya kuahirisha iliishia katika siku tatu.

Tungekuwa wadhalimu kama tungemsahau mwenye nyumba. Watu hupenda kumchora kama tajiri mwenye maghorofa, na wako wa namna hiyo, kampuni kubwa zenye mawakili wa kutosha. Lakini yuko pia mjane mwenye nyumba ya familia mbili, anakaa upande mmoja na kupangisha wa pili, na benki haikumwambia kwamba kwa kuwa kuna janga basi mkopo umefutwa. Chama cha wenye nyumba kilikwenda mahakamani mwaka 2020 kuipinga amri ya jiji, na Agosti 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikakataa kuisimamisha. Pengine mahakama ilikuwa sahihi katika sheria. Lakini mjane yule alikuwa anabeba mzigo wa umma kwa mgongo wake mwenyewe. Jiji lilitoa ukarimu kutoka katika mfuko wa mtu mwingine, na ukarimu wa namna hiyo ni mwepesi mno kuutoa.

Msaada ulikuwapo, hilo hatulikatai. Jimbo liliendesha mpango wa kulipa malimbikizo ya kodi kwa fedha za shirikisho, na watu wengi walinusurika kwa mpango huo. Dirisha la maombi lilifungwa tarehe 31 Machi 2022, wakati dharura ya Los Angeles ilikuwa bado na miezi kumi mbele yake. Kwa miezi hiyo kumi jiji liliendelea kuruhusu deni likue huku mlango mkubwa wa kulilipa ukiwa umefungwa.

Novemba 2022 wapiga kura wa jiji walipitisha kodi mpya juu ya mauzo ya majumba ya zaidi ya dola milioni 5, asilimia 4 ya bei, na asilimia 5.5 kwa yale yanayofikia dola milioni 10 na kuendelea, fedha hizo zikielekezwa kwenye makazi na kuzuia watu wasipoteze nyumba. Lilikuwa jambo jema. Kodi ilianza kutozwa Aprili 2023, mashauri mahakamani yakaifanya serikali iogope kuzitumia fedha zake, na mpango wa kuwasaidia wenye malimbikizo, wa takriban dola milioni 30, ukafunguliwa tarehe 19 Septemba 2023. Msomaji atazame tena tarehe za hapo juu. Deni la kwanza lilikuwa limeiva tangu tarehe 1 Agosti. Msaada ulifika wiki saba baada ya mdaiwa kuwa tayari anaweza kupelekwa mahakamani.

Kuna jambo jingine linalotusumbua zaidi. Tarehe 12 Desemba 2022, siku yake ya kwanza kamili ofisini, Meya mpya Karen Bass alitangaza hali ya dharura kuhusu watu wasio na makazi. Hesabu iliyofanywa Januari 2023 ilikuta watu 46,260 wanaoishi bila makazi ndani ya jiji, nyongeza ya asilimia 10 kuliko mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa jiji lilikuwa na dharura mbili kwa pamoja: moja inafungwa, nyingine imefunguliwa. Ile iliyokuwa inafungwa ndiyo iliyowazuia watu wasitupwe nje, na ile iliyofunguliwa ilikuwa ya kuwaokota waliokwisha kutupwa. Tunaamini kwamba kumbakisha mtu katika nyumba yake ni nafuu kuliko kumtafutia hema, kisha hoteli, kisha nyumba nyingine, ukiachilia mbali fedheha anayoipata mzazi mbele ya watoto wake.

Baraza la Jiji halikulala usingizi kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 lilipitisha ulinzi wa kudumu kwa wapangaji: asitolewe mtu bila sababu iliyotajwa katika sheria, na asitolewe kwa deni lisilozidi kodi ya soko ya mwezi mmoja. Huo ni ulinzi wa kweli, na hatuoni kama ungepatikana bila janga. Lakini unamfaa anayedaiwa kidogo. Yule wa dola 17,000 yuko nje yake.

Migahawa ilipata bahati nzuri zaidi. Mwaka 2020 iliruhusiwa kwa dharura kuweka meza barabarani na katika maegesho ya magari, na watu wakapenda. Dharura ilipofutwa hakuna aliyesema meza ziondolewe kesho yake. Jiji liliendelea kujadiliana na wenye migahawa hadi Desemba 2023 lilipopitisha sheria ya kudumu. Hatuwaonei wivu. Tunaona tu kwamba pale nia ilipokuwapo, njia ya kutoka katika dharura ilitengenezwa taratibu na kwa mazungumzo.

Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo lilipaswa kuulizwa Machi 2020, siku amri ilipotiwa saini: janga likiisha, kodi hii itakuwa ya nani? Jiji lingeweza kusema mapema kwamba sehemu italipwa na mpangaji, sehemu na mfuko wa umma, na sehemu mwenye nyumba ataisamehe naye apunguziwe kodi ya majengo. Lingeweza kusema kwamba atakayethibitisha kuwa hana uwezo kabisa, deni lake litageuzwa kuwa dai la kawaida la madai, lisilomtoa ndani. Jambo hili halikuwa geni. Sheria ya jimbo ilifanya hivyo hasa kwa kodi ya kati ya Septemba 2020 na Septemba 2021: mpangaji aliyewasilisha tamko la kuathiriwa na janga na kulipa asilimia 25, hawezi kutolewa kwa ajili ya ile 75 iliyobaki, ingawa bado anaweza kudaiwa mahakamani. Kwa nini kanuni hiyo haikuendelezwa hadi siku ya mwisho ya dharura ya jiji?

Tarehe 1 Februari 2024 deni la pili liliiva. Siku hiyohiyo ilifikia mwisho amri iliyozuia kupandisha kodi katika nyumba zilizo chini ya sheria ya udhibiti wa kodi, zaidi ya 600,000, na wenye nyumba wakaruhusiwa kuongeza asilimia 4. Januari 2025 moto ulipoiteketeza Pacific Palisades, Los Angeles ilitangaza tena hali ya dharura, watu wakapoteza kazi pamoja na nyumba walizokuwa wakifanyia kazi hizo, na madiwani wakarudi kujadili kama wapangaji walioathirika wapewe muda wa kulipa kodi.