Chozi Lililotoka Harusini



Katika barua zilizotufikia mwezi huu mna moja itokayo kwa bibi wa wilaya ya Muleba, naye ametuomba tusimtaje jina. Ni barua ndefu, kurasa nne za daftari la shule, na ndani yake mna maswali mawili. Leo twalishika la kwanza.

Asema kwamba yeye na mumewe walialikwa harusini Kashai, mjini Bukoba. Baada ya chakula vijana walifungulia vipaza sauti vyao, wakapiga ule wimbo wa Salome wa vijana wa Dar es Salaam. Kisha mmoja wao akauweka ule wa asili, wa Saida Karoli. Hapo bibi huyu alijikuta machozi yanamtiririka, wala si kidogo, hata akainuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba penye migomba mpaka wimbo ukesha. Mumewe, ambaye ni mtu wa Tanga, hakusema neno mbele ya watu. Walipofika kwao ndipo alipomwambia kuwa nyumbani mwao Qurani husomwa redioni kila alfajiri, wala hajamwona siku hata moja akifuta chozi. Leo alilia ngoma! Imani gani hiyo? Basi bibi atuuliza: je, machozi yale yalikuwa dhambi? Na je, ni kweli kwamba ni dalili ya moyo uliokufa?

Kwa wasomaji wetu walio mbali na Kagera yafaa tueleze kidogo habari ya wimbo wenyewe. Saida Karoli ni binti wa huku kwetu Bukoba, naye huimba kwa Kihaya. Mwaka 2001 zilitoka nyimbo zake zilizojulikana kwa jina la Chambua Kama Karanga, na miongoni mwake ulikuwamo huo wa Maria Salome. Nchi yetu imejenga umoja wake kwa Kiswahili, na redio ya taifa husema Kiswahili. Kwa hivyo kumsikia mwanamke akiimba Kihaya, naye akapendwa na watu wasiojua hata kusalimu kwa lugha hiyo, lilikuwa jambo geni, na Wahaya waliliona ni jambo la fahari. Halafu miaka ikapita, kaseti zikakatika na redio zake zikaharibika, na jina la mwimbaji likafifia. Mwezi wa Septemba mwaka 2016 Diamond Platnumz na mwenziwe Rayvanny wakaufufua wimbo ule kwa mtindo wao wa kisasa. Mwaka uliofuata Saida mwenyewe akarejea na wimbo wa Orugambo. (Huo mtindo wa kisasa, na mavazi yake na minenguo yake, sisi hatuupambi wala hatuupendekezi kwa nyumba za Waislamu. Hukumu ya ala na ngoma nayo ina maneno marefu ya wanavyuoni, wala si mlango tunaoufungua leo. Ama jina la Maria lisimtishe mtu. Bibi Maryamu ana sura nzima katika Qurani.)

Sisi tuliokuwa Kagera Septemba ile tunayo sababu ya kuukumbuka mwezi wenyewe. Jumamosi tarehe 10, alasiri, ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9, ikachukua roho za watu zaidi ya 15 na kuangusha nyumba kwa maelfu. Ilikuwa siku mbili tu kabla ya Idi ya Kuchinja. Idi ikawakuta watu wa Bukoba na Missenyi wamelala nje, wakiogopa kuta zao wenyewe. Na siku chache baada ya hapo ndipo wimbo wa nyumbani kwetu ulipoanza kupigwa nchi nzima, watu wakiucheza, na huku wenye nyimbo hizo wamekaa chini ya maturubai. Mtu aliyelia kwa wimbo ule wakati ule hakuwa na haja ya kujieleza kwa yeyote.

Lakini bibi wetu hakulia kwa ajili ya tetemeko. Yeye aeleza kuwa mwaka 2001 alikuwa mtoto wa miaka kumi, kwao Katoro. Baba yake alipouza kahawa ya msimu ule alinunua kaseti ile, na kila jioni baada ya Isha aliiweka katika redio yake ndogo, naye rafiki yake wa jirani huja akakaa juu ya majani yaliyotandazwa sakafuni, wakatafuna kahawa na kusikiliza. Mtoto hulala hapo hapo kwenye mguu wa babake. Mwaka wa pili yake baba akafa. Hakutaja ugonjwa, nasi hatuulizi. Lakini mtu yeyote wa umri wetu aliyekaa mkoa huu ajua miaka ile ilikuwaje. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walitambuliwa huku Kagera, mwaka 1983, na dawa za kutolewa bure na serikali hazikuanza mpaka mwaka 2004. Kati ya miaka hiyo miwili yako makaburi mengi katika vibanja vyetu, na wengi wa waliozikwa walikuwa bado vijana wenye watoto wadogo. Watoto hao leo ni watu wazima, wana nyumba zao na waume na wake zao, na baadhi yao hawana hata picha moja ya wazee wao. Wana sauti tu, au harufu ya kitu, au wimbo.

Sasa tumwambie mkwe wetu wa Tanga, kwa heshima zote, kwamba yeye alisikia ngoma. Mkewe alimsikia baba yake.

Ama dhambi, haipo katika chozi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Bwana Mtume (Rehema na Amani zimshukie) alipomzuru Saad bin Ubada katika ugonjwa wake alilia, na waliokuwa pamoja naye wakalia, kisha akawafunza kuwa Mwenyezi Mungu hamwadhibu mtu kwa chozi la jicho wala kwa huzuni ya moyo, bali kwa ulimi. Yaani makelele ya kuomboleza na maneno ya kumlaumu Mola. Mwanamke aliyetoka kimya akaenda kulia nyuma ya nyumba hakuwa na lolote katika hayo.

Na kuguswa na sauti au kitu cha zamani si udhaifu, kwani Bwana Mtume mwenyewe aliguswa. Bibi Khadija alipokwisha kufariki, siku moja nduguye, Bibi Hala binti Khuwaylid, alibisha hodi Madina. Namna yake ya kuomba idhini ilifanana na ya Bibi Khadija, na Mtume alipoisikia alishtuka na kubadilika, akaomba kwa Mungu awe ni Hala. Bibi Aisha ndiye aliyeisimulia habari hii, na yeye mwenyewe akiri kuwa aliona wivu. Hodi tu hiyo, jambo la mara moja mlangoni, na ikamrejeshea mtu miaka yote ya Makka. Tena baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, binti yake Bibi Zaynab alipeleka mali ya kumkomboa mumewe aliyetekwa, na ndani ya mali hiyo kilikuwamo kidani alichopewa na mamake, Bibi Khadija, siku ya harusi yake. Mtume alipokiona kile kidani moyo wake ulilainika sana, akawaomba Masahaba, kama waona vyema, wamwachilie mateka na wamrudishie binti kidani chake. Nao wakafanya hivyo.

Lakini hoja ya mume si hii tu. Hoja yake kubwa ni kuwa mkewe alilia kwa wimbo wala halii kwa Qurani. Hapa twataka kumkumbusha habari ya Seyyidna Bilali. Alipofariki Mtume, Bilali aliona uzito wa kuadhini, akahamia Sham. Kuna kisa kisomwacho sana katika mawaidha yetu, kwamba alirudi Madina, wajukuu wa Mtume wakamwomba aadhini, na mji mzima ukatoka nje ukilia. Kisa hicho wajuzi wa hadithi kama Adh-Dhahabi na Ibn Hajar wamekitia ila katika upokezi wake, nasi hatutakijengea juu. Iko habari nyingine katika vitabu vya historia, kwamba Seyyidna Umar alipokwenda Sham, Bilali aliadhini mbele yake, na Masahaba waliokuwapo wakalia kilio kikubwa, na Umar akawashinda wote. Basi na tufikiri. Maneno ya adhana ni yale yale. Masahaba wale walikuwa wakiyasikia mara tano kila siku kwa vinywa vya waadhini wengine, wala hatukupokea kwamba walilia kila adhana. Siku ile walilia kwa kuwa sauti ilikuwa ya Bilali, na sauti ya Bilali iliwarudisha katika msikiti wa Mtume, naye Mtume yuko. Je, kuna mtu atakayesema imani ya Umar ilikuwa haba katika zile adhana nyingine?

Hata hivyo hatumtupi mume moja kwa moja. Swali lake lina ukweli, ila amemwuliza asiyestahili kuulizwa peke yake. Mke huyu kila neno la wimbo ule alijua maana yake, kwani ni lugha aliyonyonya. Qurani je? Atueleza kuwa aliihitimu chuoni akiwa na miaka kumi na mitatu, na hajui maana ya aya kumi. Hali hii si yake tu. Desturi ya vyuo vyetu vingi, toka pwani hata huku ziwani, ni kumfikisha mtoto kwenye khitma kwa matamshi mazuri, wazazi wakapika pilau, na maana ikaachwa ije yenyewe baadaye. Kwa wengi haiji. Sasa moyo utalilia nini pale ambapo sikio limesikia uzuri wa sauti tu? Wale waliotajwa katika Suratul Maida, aya ya 83, ambao macho yao yalichuruzika machozi waliposikia yaliyoteremshwa, Mwenyezi Mungu ametaja na sababu yake: ni ile haki waliyoijua. Walijua kwanza. Tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy imo mikononi mwa Waswahili tangu mwaka 1969, na ziko nyingine baada yake. Mkwe wetu badala ya kuhesabu machozi ya mkewe alfajiri, angefunga redio kwa robo saa na kumsomea maana ya aya tano. Hata yeye huenda akaona ajabu.

Limebaki jambo moja ambalo bibi hakuliuliza, lakini limejionyesha katika barua yake. Asema tangu siku ile ya harusi huufungulia wimbo huo katika simu kila usiku, watoto wakishalala, naye hulia tena. Na mahali pengine, katika ukurasa wa tatu, asema kwamba yule mzee jirani, rafiki wa baba yake, yu hai mpaka leo pale Katoro, macho yake hayaoni vizuri, na kwamba yeye hajamwamkia kwa miaka saba.

Bwana Mtume alipomkumbuka Bibi Khadija hakuishia kulainika. Alikuwa akichinja mbuzi, akikata vipande, na kuvipeleka kwa wanawake waliokuwa marafiki wa Bibi Khadija. Haya yamo katika Bukhari na Muslim. Na Abdullahi bin Umar alikutana na bedui katika njia ya Makka, akampa punda aliyekuwa akimpanda na kilemba alichokuwa amekivaa kichwani. Wenziwe wakastaajabu, kwani mabedui huridhika na kidogo. Akawaambia kwamba baba wa mtu huyu alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba amemsikia Mtume akisema kuwa katika wema ulio bora kabisa ni mtoto kuwaunga wale aliowapenda babake.

Kutoka Muleba mpaka Katoro kwa mabasi ya siku hizi si safari ya kulala njiani. Mzee yule ndiye mtu wa pekee aliyebaki aliyekuwa akikaa juu ya majani yale. Yeye ajua baba wa bibi huyu alicheka vipi, alipenda nini, alimdai nani na nani alimdai, mambo ambayo mtoto wa miaka kumi hakuyajua na ambayo hayamo ndani ya simu. Amchukulie sukari na shuka, na watoto waende naye, ili wamwone mtu aliyekuwa rafiki wa babu yao. Wakikaa wakaulizana habari za marehemu na wakamwombea dua pamoja, hatuoni ubaya wowote hapo, hata wakilia wote wawili. Na mume aende pia. Atakuwa amepata wa kumfasiria Kihaya.

Swali la pili la bibi huyu lahusu kibanja cha baba yake, ambacho ami zake wamekishika tangu mwaka 2002 kwa kusema kwamba mtoto wa kike hana fungu katika migomba. Hilo lina aya zake katika Suratun Nisaa na lina hesabu yake, wala halijibiwi kwa mistari miwili. Tutalijibu mwezi ujao, Inshaallah. Nasi twamwomba, kabla ya hapo, atuletee idadi ya ndugu zake wa kiume na wa kike, na kama mama na bibi mzaa baba walikuwa hai siku alipokufa baba yake. Yule mzee wa Katoro bila shaka ayajua.