Bili ya karantini ndiyo iliyofanya watu wajifiche

Nilitua Mombasa tarehe 24 Machi 2020, siku moja kabla ya safari za ndege za kimataifa kusitishwa. Kwetu Majengo si mbali, lakini nikapelekwa hotelini siku 14, kwa gharama yangu mwenyewe. Mamangu alileta mahamri na mbaazi hadi langoni. Askari akamrudisha navyo.

Kutengwa sikukupinga. Nani angetaka kumwambukiza mzazi wake? Tatizo lilikuwa bili. Chumba cha jirani alikuwemo dada mmoja aliyetoka Ghuba kufanya kazi za nyumba, mshahara wa mwisho hakulipwa. Siku zikatimia, vipimo safi, akaambiwa alipe kwanza ndipo atoke.

Habari kama hiyo haikai siri mtaani. Ukijua kukohoa kwaleta deni, utakoholea ndani ya mto. Waliofaa kupimwa wakajificha, na ugonjwa ukapata njia. Mwezi Mei serikali ikakubali kuwalipia waliokuwa kwenye vituo vya umma, lakini hofu ilikuwa imeshatanda. Na sisi wa hotelini je? Mimi nililipa kwa mchango wa ndugu. Yule dada nilimwacha pale roshani, simu sikioni, akitafuta wa kumkopesha.