Kasongo na Kabambare: Kadi ya memori ipimwe mbele ya kuuzwa

Katika masoko ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, kadi ya memori si kitu cha starehe tu. Humo mna sauti alizorekodi mwandishi wa redio, picha za harusi na za kilio, hata karatasi za shule. Anayeuza kadi akijua ni ya uongo haibi franka peke yake, anaiba pia kumbukumbu ya familia.

Ujanja wenyewe ni mwepesi. Kadi imeandikwa GB 64, simu nayo inaonyesha GB 64, lakini ndani mna nafasi ya GB 8 tu. Nafasi hiyo ikijaa, kadi inaendelea kupokea kimya, huku vitu vipya vikipotea au vikifuta vya zamani. Mwenyewe anagundua siku anapotafuta picha na kuzikosa.

Dawa yake haihitaji kiwanda. Mafundi wanaotengeneza kompyuta za miaka ya 1980 wanaijua. Chipu ya 4164, iliyotumika katika Commodore 64, inabeba biti 65,536. Ili kuipima, fundi anaunganisha soketi na kibao kidogo cha Arduino, pamoja na taa mbili, ya kijani na nyekundu. Kifaa kinaandika sifuri na moja katika kila nafasi, kisha kinasoma upya. Kikikuta tofauti hata moja, taa nyekundu inawaka.

Kwa kadi kanuni ni ileile: ijazwe yote, kisha isomwe yote. Programu za bure F3 na H2testw zinafanya kazi hiyo.

Wapo watakaosema muda na umeme ni shida. Ni kweli. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kuandika na kusoma GB 64 kunapita saa tatu. Ndiyo maana mzigo huu usiachiwe kila mnunuzi. Mfanyabiashara apime kadi chache za kila mzigo anaoleta, na fundi mwenye sola apime za watu kwa bei ndogo.

Shule za ufundi nazo zifundishe wanafunzi kutengeneza vipimo hivi, na OCC, ambayo kazi yake ni kukagua ubora wa bidhaa, isisahau kadi hizi ndogo. Mnunuzi naye adai haki ya kurudisha kadi ikionekana ni ya uongo.